Usimpe Mpishi Jembe

Kila mwezi wa Idi unapokaribia kuandama, na kila Krismasi inapobisha hodi, husikika majumbani mwetu maneno haya: "Fulani hana taabu kumpatia zawadi. Si anapenda kupika? Mnunulie sufuria." Husemwa kwa wepesi, na anayeyasema hudhani kazi imekwisha. Nimeandika kurasa hizi kuyapinga maneno hayo. Nashikilia kwamba mtu anayependa kupika ni katika watu wagumu kabisa kuwachagulia zawadi, na kwamba sehemu kubwa ya vitu tunavyompa si zawadi hata kidogo. Ni maagizo yaliyofungwa kwa karatasi ya kumetameta.

Wazee walilijua jambo hili kabla yetu. Walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaipenda methali hii kwa kuwa inachekesha, lakini ndani yake mna elimu kubwa juu ya vyombo vya kazi. Jembe analopewa mgeni siku ya tatu halimpambi wala halimheshimu. Linamwambia: karamu imekwisha, inuka ukalime. Hakuna mgeni aliyelipokea akadhani ni tunu. Sasa chukua sufuria kubwa, ifunge utepe mwekundu, umkabidhi mama wa nyumba asubuhi ya sikukuu, huku watu kumi na watano wanatarajiwa kuja kula mchana. Umemwambia nini? Umemwambia: inuka ukapike. Tofauti yako na yule aliyempa mgeni jembe ni utepe tu.

Kipimo changu katika jambo hili ni kifupi. Zawadi ikishapokewa, faida yake inakwenda wapi? Kama njia yake inaanzia mkononi mwa mtoaji, ikapita jikoni, kisha ikarudi tumboni mwa mtoaji yule yule, basi aliyepewa zawadi ni tumbo. Mpishi alikuwa njia ya kupitia. Baba anayependa mpira hatumpi fyekeo akafyeke uwanja. Kijana anayependa muziki hatumpi viti vya kupanga ukumbini. Hao tunawapa kitu cha kuwafurahisha wao. Ni mpishi peke yake ambaye kupenda kwake kumegeuzwa kuwa sababu ya kumwongezea kazi.

Hapo lazima tulitazame hilo neno "anapenda". Mwanamke aliyepika milo mitatu kwa siku kwa muda wa miaka 30 amepika milo zaidi ya 32,000. Katika milo hiyo yote, ni mara ngapi aliulizwa kama anapenda? Alipika kwa sababu watoto wana njaa, kwa sababu mume anarudi, kwa sababu wageni wamebisha hodi bila taarifa. Kisha siku moja tunamtazama amekaa mbele ya mafiga, macho mekundu kwa moshi, tunasema: "Mama anapenda sana kupika." Tumejuaje? Kupika ni jambo moja, kupenda kupika ni jambo jingine. Asiyetofautisha haya mawili asijisumbue kutafuta zawadi ya mpishi, maana hajui bado anamtafutia nani.

Wapo lakini wanaopenda kweli, na dalili zao hazifichiki. Anayependa kupika huonja mchuzi wa nyumba ya watu akanyamaza kidogo, akijiuliza ndani mmetiwa nini. Hurudia wali uliomshinda, hata kama hakuna aliyelalamika. Anapopita sokoni hunusa iliki asiyokusudia kununua. Hugombana na muuza nazi kwa sababu ya nazi moja. Watu hawa ni wanawake na ni wanaume. Pwani yetu ina mafundi wa pilau za arusi, wanaume watupu, wanaosimamia moto wa masufuria ya mamia ya watu na kujua kwa sauti ya maji kwamba mchele uko tayari kufunikwa. Ajabu ni kwamba hao hatuwapi aproni siku ya sikukuu. Tunawaita mafundi, tunawalipa, tunawatengea sinia yao. Mke anayefanya kazi hiyo hiyo nyumbani tunasema anapenda, na kwa kuwa anapenda, tunaona hana haja ya malipo wala ya kupumzika.

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua litawaudhi wengi. Upo mtindo wa mwenye nyumba kununua mtungi wa gesi au jiko jipya, akalileta nyumbani siku ya Idi, akapiga picha, akalihesabu kuwa ni zawadi kwa mkewe. Mimi nasema hiyo si zawadi. Ni deni lililocheleweshwa kulipwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa, mafuta ya taa na mfano wa hayo, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani. Wanaouvuta moshi huo zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto, na watoto wanaobebwa migongoni mwao. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Serikali imeliona jambo hili kuwa ni la afya. Itakuwaje mwenye nyumba alione ni la hisani?

Jiko lisilo na moshi ni haki ya kila anayepika, awe anapenda au hapendi. Kama gesi haijawezekana, basi liwe jiko la bati lenye udongo ndani, lile lililobuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata mfano wa majiko ya Thailand, ambalo linapunguza mkaa kwa theluthi moja au hata zaidi likitumiwa vizuri. Ingawa nalo linatoa hewa yake yenye sumu na halifai chumba kilichofungwa, ni nafuu kuliko mafiga matatu. Vitu vya namna hii vinunuliwe Machi, vinunuliwe Agosti, vinunuliwe siku yoyote fedha inapopatikana, kama tunavyonunua bati paa linapovuja. Hakuna anayefunga bati utepe akasema: mke wangu, pokea zawadi, leo hutanyeshewa. Haki haingoji sikukuu, wala mwenye haki hatakiwi kushukuru kwa magoti.

Tukishalipa deni hilo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya zawadi. Na hapo napo tunakosea, kwa sababu tunanunua kwa macho. Wiki mbili kabla ya sikukuu, ukipita Kariakoo utaona vyombo vimepangwa hadi barabarani, vinang'aa, na watu wanavinunua bila kujiuliza vitakaa juu ya moto gani. Chukua vikaango vile vyeusi visivyogandisha chakula. Dawa iliyopakwa ndani yake iligunduliwa Marekani mwaka 1938 na Roy Plunkett, na katika miaka ya 1950 Wafaransa wakaanza kuipaka kwenye vikaango. Ni chombo kizuri kwa mayai na samaki, juu ya moto mdogo unaopunguzika. Lakini dawa hiyo ikifika joto la nyuzi 260 hivi huanza kuharibika na kutoa moshi usiofaa kuvutwa, na kikaango kitupu juu ya mkaa uliokolea hufika huko kabla hujamaliza kukata kitunguu. Tena hakitaki kijiko cha chuma, hakitaki kusuguliwa kwa mchanga. Ukimpa kikaango hicho mtu wa jiko la mkaa, baada ya miezi mitatu kimechunika, na yeye anaona haya kukuambia.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anatoka safari, anamletea binti wa mjini chungu cha udongo chenye kitako cha mviringo, kizuri mno kwa mchuzi wa samaki. Binti huyo anaishi ghorofani na jiko lake ni la umeme, bapa kama meza. Chungu hakisimami. Kinaishia juu ya kabati kikatiwa maua ya plastiki. Au mtu ananunua mashine ya umeme ya kusaga viungo, akampelekea mama yake kijijini ambako umeme hukatika kila jua likitua. Namjua mama mmoja mwenye birika nne za umeme, zote ndani ya makasha yake, na chai ya nyumba hiyo huchemshwa kwenye sufuria. Vitu hivi vinamheshimu muuzaji na vinampa mtoaji sifa. Mpishi vinampa kazi ya kufuta vumbi.

Chombo kizuri ni kile kilichochaguliwa kwa kufikiri mahali, moto na mkono. Nitoe mfano wa sufuria la presha. Denis Papin, Mfaransa, alikionyesha chombo cha asili hiyo London mwaka 1679, kwa hiyo si jambo jipya. Kazi yake ni kuzuia mvuke, ili maji yachemke kwenye joto la nyuzi 120 hivi badala ya 100. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ni chombo cha manufaa. Lakini Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, maji huchemka kwa nyuzi 94 tu, na Njombe ni chini ya hapo. Maharage ya huko hukaa motoni mchana kutwa kwa sababu maji yenyewe hayana joto la kutosha, wala si kwa uzembe wa mpishi. Sufuria la presha kwa mtu wa Njombe anayependa kupika si jembe. Ni saa mbili au tatu za maisha yake zinazorudishwa mikononi mwake. Hapa ndipo nilipopata kipimo changu cha pili: chombo hiki kinampa mpishi muda, au kinamnyang'anya?

Kuna vyombo vingine ambavyo mimi nisingethubutu kumchagulia mtu, na cha kwanza ni mbuzi ya kukunia nazi. Asiyekuna nazi huona ni kigoda chenye chuma. Anayekuna anajua kwamba kimo cha kigoda hupatana na miguu ya mtu, kwamba mwinamo wa chuma hupatana na kifundo cha mkono, na kwamba meno yakiwa butu nazi hutoka vipande vikubwa, tui jepesi, na mkono hulala na maumivu. Mtu na mbuzi yake ni kama seremala na randa yake. Usimbadilishie. Lakini unaweza kuichukua mbuzi hiyo hiyo siku tatu kabla ya sikukuu, kwa idhini yake, ukaipeleka kwa fundi akayachonga meno kwa tupa na kukaza kigoda kinachoyumba. Kisu nacho ni hivyo hivyo. Nyumba nyingi zina visu sita visivyokata nyanya, na bado watu wananunua cha saba. Kinoo kizuri kimoja, na mtu wa kukaa chini kuvinoa vyote sita, ni zawadi ambayo mpishi ataikumbuka kila akishika kitunguu.

Niseme na kuhusu vile vikapu vya sikukuu vya madukani: unga kilo mbili, mafuta lita moja, sukari, majani ya chai, pakiti ya biskuti, vyote chini ya nailoni inayong'aa. Mwajiri akimpa mfanyakazi wake kikapu hicho, sina neno. Ni msaada na utaliwa. Lakini kumpa mtu anayependa kupika pakiti ya unga ni kumpa posho, ni kusema nyumba yako ina midomo mingi. Huyu anatafuta ladha. Kwa fedha hiyo hiyo ungeweza kwenda Darajani Unguja, au Marikiti Mombasa, ukachagua kwa mkono wako viungo vizima. Vizima, nasisitiza, kwa sababu kiungo kilichosagwa harufu yake huanza kupotea tangu siku ya kusagwa, na vumbi lile la pakiti huenda limekaa rafuni mwaka mzima. Chukua karafuu uibonyeze kwa ukucha: njema huacha mafuta. Chukua iliki ambayo ganda lake halijapasuka, punje zake ndani nyeusi na zenye kunata kidogo. Kama mfuko unaruhusu, chukua zafarani kidogo kabisa kwa ajili ya biriani, ujue kwamba kila ua hutoa nyuzi tatu tu na kilo moja huhitaji maua yapatayo 150,000. Ndiyo maana zafarani ya bei ya bizari si zafarani.

Mtu ataniuliza: je, iliki hiyo hairudi tumboni mwako? Inaweza kurudi. Lakini itazame ilivyo. Iliki haimwamuru mtu apike. Inakaa kwenye kichupa chake na kumngoja. Leo ataitia kwenye chai anayokunywa peke yake alfajiri kabla watu hawajaamka, kesho kwenye vitumbua, keshokutwa hataki. Mwenye uamuzi ni yeye. Sufuria ya watu 15 haina matumizi mengine ila watu 15.

Wapo watakaonipinga kwa methali, nami nawakaribisha. Wa kwanza atasema mchagua jembe si mkulima, yaani mpishi hodari hupikia chombo chochote. Ni kweli hupikia. Mama zetu walipika vyakula vya ajabu kwa sufuria zilizobonyea na miiko iliyoungua nusu. Lakini huo ni ushahidi wa ustadi wao. Tusiugeuze kuwa ruhusa ya sisi kuwapa chochote. Methali hiyo ilimkemea mvivu anayetafuta udhuru wa kutolima. Mpishi ninayemzungumzia hajawahi kutafuta udhuru wa kutopika, na huko ndiko kunakotufanya tumdhulumu.

Wa pili atasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, kwa hiyo nisiwatie watu masikini aibu kwa zafarani. Nakubaliana naye kabisa, tena methali hiyo ni shahidi wangu. Kunoa kisu hakuhitaji utajiri. Kung'uto jipya la kuchujia tui, kawa zuri la ukindu, mwiko wa mti mgumu uliochongwa vizuri, hivi vyote havizidi bei ya soda chache. Kinachohitajika ni kumtazama mtu akiwa kazini, ukaona ni wapi anapokunja uso. Wengi wetu tumekula chakula cha mtu miaka 20 hatujaingia jikoni kwake dakika 20.

Wa tatu atasema: lakini mwenyewe aliniomba sufuria. Basi mpe! Aliyeomba ameshajichagulia, na hoja yangu yote ni kwamba achague yeye. Ila muulize na swali la pili: "Na wewe binafsi, ungependa nini?" Usishangae akikaa kimya kwanza. Huenda ni mara ya kwanza kuulizwa. Ukimya ule unatosha kutueleza hali tuliyomwekea.

Ziko zawadi mbili ambazo hazinunuliwi dukani, nazo nazitanguliza mbele ya vyombo vyote. Ya kwanza ni kuandika. Mapishi mengi mazuri ya nyumba zetu yamo katika viganja vya watu wenye umri mkubwa: chumvi kiasi, tui la kwanza na la pili, bizari ya kutosha, moto mpaka linukie. Kaa naye na daftari. Pima kiganja chake kwa kikombe, mwulize kwa nini tui la kwanza hutiwa mwisho, andika jina lake juu ya ukurasa. Mpishi aliyeandikwa hutambua kwamba kazi yake imeonekana kuwa elimu. Tumewazika wengi pamoja na mapishi yao, kisha tukasimama makaburini tukiwasifu kwamba walipenda kupika.

Ya pili ni kumpikia. Watu huogopa: nitampikiaje yeye, fundi? Mpikie hivyo hivyo. Wali wako ukiwa bokoboko, ataula, maana ladha ambayo hajaionja kwa miaka mingi ni ile ya chakula kilichopikwa na mkono usio wake. Na ukishampikia, osha vyombo. Vyote, pamoja na sufuria iliyoganda ukoko, pamoja na sinia za wageni. Usimwite kumuuliza sabuni iko wapi.

Kwa hiyo sikukuu itakapofika, kabla hujafungua mkoba wako, jiulize maswali yangu mawili: faida inarudi kwa nani, na muda unakwenda kwa nani. Ukiona majibu yote mawili yanakuelekea wewe, rudisha sufuria rafuni. Mtandikie mpishi mkeka barazani, akae wa kwanza badala ya kukaa wa mwisho, apakuliwe nyama ya juu badala ya ukoko wa chini. Siku hiyo yeye ndiye mgeni, na siku zake mbili hazijaanza hata kuhesabiwa. Jembe lishike wewe.